Blues ya Bamama Wenye Sahani

Mupwa wangu Deo,

Jambo sana kutoka Shari. Siye tuko muzuri, mama yako anakusalimia. Unauliza batoto ya orchestre yako, bendi yenu, baanze na wimbo gani. Umeuliza mwenyewe! Nikipuliza trompette, samaki ya ziwa kule Kasenyi ilikuwa inatoka mu maji kusikiliza.

Siku ya arusi ya mama yako tulipiga swing, muziki ya mbio. Bamama bakaingia banacheza, vyombo vyao vya zawadi ya arusi juu ya kichwa. Sahani zikaanza kuteleza; moja ikivunjika, ni haya kwa bibi-arusi. Tantine, shangazi yetu, naye na sahani yake, akanilalamikia: "Weye fundi, siye hatuna mabawa!" Tukashuka mu blues ya pole, noti tatu tu. Sahani zote zikafika kwa bibi-arusi bila kuvunjika.

Namushukuru Tantine mpaka leo. Kabla ya kuchagua wimbo, naangalia kwanza miguu ya watu.

Mujomba wako, trompette ya Ituri muzima