Bolti Niliyoisahau Chini ya Gari la Baba Mkwe

Jumamosi, saa tisa alasiri. Nyumbani, Pasiansi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Nimekaa barazani, mikono bado inanuka dizeli ingawa nimeisugua na sabuni ya unga mara mbili. Moyo wangu mwepesi. Ni wiki tatu sijauona hivi.

Acha niandike yote, hata yale ya aibu.

Baba mkwe wangu, Mzee Lutonja, alinunua gari lake la kwanza alipostaafu kazi ya bandarini. Analifuta kila asubuhi kabla hajanywa chai. Wiki tatu zilizopita nilijitolea kumbadilishia oili. Nilishaona watu wakifanya na, niseme ukweli, nilitaka anione na mimi ni mtu. Nilimwaga oili ya zamani, nikairudisha kwa vidole ile bolti ya chini inayozuia oili, nikasema spana nitaipitisha baadaye. Mke wangu Esta akaita, chakula tayari. Nikanawa, nikala. Niliporudi nikamimina oili mpya, nikafunga boneti.

Spana sikuipitisha.

Siku mbili baadaye mzee alikuwa anaelekea Magu. Bolti ikadondoka njiani, oili yote ikamwagika. Alipofika Kisesa injini ikaanza kugonga, kisha ikazima kabisa. Imenoki, vyuma vya ndani vimesagana bila oili. Gari likavutwa hadi kwake, naye akashikilia jambo moja: ni Fundi Mabula wa Mirongo, aliyembadilishia pampu ya maji mwezi mmoja kabla. "Yule ameniulia gari," alimwambia kila mtu. Jumuiya yetu nzima ya kanisani ikasikia. Watu wawili waliotaka kumpelekea Mabula magari yao wakaghairi.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika.

Bolti niliisahau. Kunyamaza sikusahau, nilichagua.

Siku ya nne tangu gari lizime nilimwambia Esta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba atakasirika, halafu yatapita. Lakini yule fundi ana watoto wanaomtegemea." Tukaondoka wote wawili kwenda kwa baba yake. Esta akabaki getini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Karibu kiti."

Sikukaa. "Baba, gari lako nimeliua mimi. Bolti ya oili sikuikaza."

Mzee aliinuka, akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa. Nilikuwa nageuka kuondoka alipotokea tena, amevaa viatu.

"Twende Mirongo," alisema.

Tulimkuta Mabula chini ya pikapu. Mzee akamsubiri atoke, akavua kofia. Sijawahi kumwona akivua kofia mbele ya mtu aliye mdogo kwake.

"Nimekuchafulia jina bure," alimwambia. "Nisamehe."

Mabula alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilitamani ardhi inimeze. "Yameisha, mzee," akasema. "Lileteni gari nilifungue." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe uje na nguo mbaya."

Basi kila nilipotoka kazini nilipita gereji kuosha vyuma kwa dizeli. Beringi zilikuwa zimeungua na krenki, ule mhimili wa injini, imekwaruzika, ikabidi ipelekwe kuchongwa, ila injini yenyewe haikupasuka. Mabula ana mdomo. "Hapa umeosha au umepapasa?" aliniuliza, nikaosha upya. Lakini hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilichelewa kusema.

Juzi injini iliwaka. Mabula alituzuia kushangilia, akasikiliza kwanza, sikio karibu na boneti. Kisha akacheka. Mzee akageukia ukutani, akajifuta uso na leso.

Leo asubuhi kwenye jumuiya, sala ilipoisha, mzee akaomba nafasi ya kusema. Niliinamisha kichwa. Nilijua atanitaja, na ilikuwa haki yake.

"Nilimsema vibaya Fundi Mabula," alisema. "Gari hakuliharibu yeye. Kosa lilitoka nyumbani kwangu. Mwenye gari bovu ampelekee, ni fundi mzuri." Akakaa.

Nyumbani kwangu.

Miaka sita tangu nimuoe Esta ananiita mkwe, na mimi kwake nakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Leo amelibeba kosa langu mbele za watu kama la mtoto aliyemzaa mwenyewe. Esta alinibana mkono. Sikuweza kumtazama.

Asante, baba. Sijui kama nitaweza kukuambia ana kwa ana, ndiyo maana naandika hapa. Na Mabula, ulikuwa na kila sababu ya kunifukuza pale gereji, ukanipa kazi.

Mchana huu nimesikia kuna magari mawili yamepelekwa Mirongo, nayo mikono ya fundi ni miwili tu. Jumatatu nikitoka kazini nitapitia huko. Sijaombwa. Nitaenda.