Mishale Tuliyobakiza

Nyanungu, Tarime

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Bibi yako sasa anatembea bila fimbo, na mahindi tumeshavuna.

Unaniuliza kwa nini mataifa yenye mabomu ya nyuklia hukutana kila mara kuzungumzia kuyaharibu, na bado yanayo. Mambo hayo sikuyasoma. Ila nilipokuwa kijana, sisi na watu wa ng'ambo ya mto tulikuwa tunauana kwa sababu ya ng'ombe. Wazee wakakubaliana kila upande ulete mishale yake ya sumu ichomwe.

Nilipeleka kumi. Sita iliyobaki baba aliichomeka kwenye nyasi za paa.

"Baba, si tumeapa?" nilimuuliza.

"Na wao wameapa. Wewe unawaamini?"

Tulichoma, tukala nyama pamoja. Kabla msimu haujaisha, ng'ombe wetu wawili wakapotea. Hakuna aliyesema tuwatafute kwanza porini. Tulichomoa mishale yetu, na wenzetu wakaja na yao, kumbe nao walificha. Kaka yangu Marwa alikufa siku hiyo. Mimi nilimchoma mshale kijana niliyekuwa nimekaa naye tukila ile nyama. Siku ya tatu ng'ombe walirudi wenyewe, wakichechemea.

Kwa hiyo nikisikia redioni wakubwa wakisema wanabaki na mabomu ili kulinda amani, huwa naizima. Sisi tulipomaliza ujinga wetu, walibaki watu wa kuchimba makaburi. Hao sijui watamwachia nani kazi hiyo.

Ni mimi babu yako,
Mwita