Kishingo wa Mama na Nyasi za Noeli

Nyegezi,
S.L.P. 611,
Mwanza.
23 Januari, 1983.

Mpendwa Dada Leonsia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limepoa na migomba imesimama. Je, lile paa la jikoni lilikamilika kabla ya mvua? Na Bernadeta bado anakuchua goti kila jioni, au shule imemchukua mikono pia? Huku mimi na mwenzangu Immaculata tu wazima. Kifua changu kinabana alfajiri tu, na macho bado yanasoma, ili mradi herufi ziwe kubwa.

Najua ni Bernadeta anayekusomea. Mjukuu wangu, kama bibi yako anakula, ikunje barua hii uisome baadaye. Nina habari ya kuku, na habari yenyewe inanuka.

Katika barua yako ya Novemba uliniambia kwamba mdondo umefagia kuku wote wa hapo nyumbani, na kwamba vishingo wa Mama wamekwisha. Ukaniomba nitunze yule mmoja uliyeniletea miaka miwili iliyopita kwa mkono wa Rweyemamu, ndani ya kikapu, kwenye meli. Tangu siku ile nilimtazama kuku huyo kama nilivyokuwa nikitazama kitabu kilichobaki nakala moja. Vifaranga wake wa kwanza walichukuliwa na mwewe na nguchiro, lakini kabla ya Noeli alikuwa ameanza kutaga tena, nami nikaanza kuhesabu siku.

Jumatatu ya tarehe tatu nilimkuta amesimama kando ya mtungi, mabawa yameshuka, mdomo wazi. Unazijua shingo za kuku hawa, hazina unyoya, nyekundu kama zimebabuliwa. Chini ya shingo hiyo kulikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi yangu, mgumu kama udongo wa mfinyanzi. Niliinama nimtazame kwa karibu. Akanicheulia usoni.

Dada, nimejalidi vitabu miaka thelathini na mmoja. Nimechemsha gundi ya ngozi kila wiki, na wenzangu walikuwa wakila chakula chao nje kwa sababu ya harufu yake. Nilidhani pua yangu imemaliza yote. Haikuwa imeanza. Ilikuwa harufu ya pombe ya rubisi iliyosahauliwa katika mtumbwi wa kukamulia ndizi mpaka chura akafia humo.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Jirani yetu, Ngosha, alikuwa ameweka sumu ya panya nyumbani kwake wiki hiyo. Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda mpakani mwa viwanja vyetu nikamwambia, mbele ya mkewe Tereza, kwamba ameniulia kuku wa mama yangu.

"Sumu niliweka darini," akasema. "Kuku wako anapanda dari?"

Nikamjibu kwamba nyumba yenye panya wengi kiasi hicho ni nyumba chafu. Nilisema hivyo, mimi, mtu mzima mwenye mvi, kwa mtu aliyenibebea jeneza la mwanangu.

Aligeuka akaingia ndani kwake. Lakini nilipopeleka habari kwa majirani kwamba kitabu kimoja cha ufugaji nilichokijalidi zamani kilishauri mafuta, na dukani mafuta hayajaonekana tangu Oktoba, ni Tereza huyohuyo aliyeleta samli kwenye kikombe. Alikiweka juu ya jiwe na kuondoka bila kuketi.

Tulimnywesha kuku samli na kumkanda ule uvimbe taratibu. Kisha, kama kitabu kilivyoagiza, nikamshika kichwa chini. Kilichotoka sitakieleza chote. Kilikuwa cha kijani, kilikuwa na povu, na kiliingia katika mkono wa shati langu mpaka kwapani. Immaculata aliachia miguu ya kuku akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamsikia akitapika, na kati ya kutapika na kutapika akimwita Bikira Maria. Sabuni hatuna. Nilijisugua kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawasha, na bado Jumapili kanisani nilikaa mikono mfukoni. Wakati wa kupeana amani nilimwinamishia kichwa kila mtu kama askofu.

Baada ya siku mbili uvimbe ulikuwa palepale na kuku alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Ngosha akatokea uani na kisu. Nilidhani amekuja kwa ugomvi.

"Mutayoba," akasema, "mchinje huyo kabla hajajifia. Kuku haendi hospitali."

"Mchinje umle wewe," Immaculata akadakia. Unajua yeye ni mwanamke wa kizamani wa kwetu, kuku kwake mwiko, hajapata kumtia mdomoni. "Mimi hata sufuria yangu siitoi kwa uvundo huo."

Niliwaambia ni kuku gani huyu, na kwamba kwetu Kamachumu hakuna tena mwingine. Ngosha alinisikiliza, akakichomeka kisu chake kwenye paa la banda, akakunja mikono ya shati. "Basi nani anashika miguu?" akauliza. Nami nilikuwa nimemwita mchafu siku mbili tu zilizopita.

Kitabu kilisema kwamba mambo yakifika hapo, hupasuliwa. Nilikisoma nikingoja gundi ikauke, kama nilivyosoma kila kitu nilichosoma maishani, na sikudhani ningekihitaji. Nilichemsha maji ya chumvi, sindano yangu ya kushonea vitabu, na wembe wa mwisho uliokuwamo ndani ya nyumba hii. Ndiyo maana sasa nina ndevu. Wembe ule siwezi kuurudisha kidevuni.

Kwa kuku wa kishingo hakuna manyoya ya kunyonyoa. Nilipasua ngozi, kisha kile kifuko cha chakula chini yake, mpasuo mmoja usiozidi urefu wa kidole gumba. Kuku hakupiga kelele. Sisi ndio tuliopiga. Uvundo ulipanda kama mtu aliyefungiwa chumbani akafunguliwa. Ngosha aligeuza uso pembeni, machozi yakimtoka, akisema kwa Kisukuma maneno ambayo sikumwomba anitafsirie. Nikaingiza vidole viwili nikaanza kuvuta.

Nilivuta, nikavuta. Kilikuja kama kamba iliyosokotwa, kirefu, chenye ute, cheusi upande huu na kijani upande ule, na ndani yake vichwa vya dagaa vilivyooza na kifungo cha gauni la Immaculata. Kilipokwisha kutoka nilikiosha kidogo ili nione sumu gani hiyo. Zilikuwa nyasi.

Dada, zilikuwa nyasi zangu. Mkesha wa Noeli nilitandika nyasi sebuleni kama kwetu. Nilitaka mara moja kabla sijafa niamke siku ya Noeli ndani ya harufu ile. Nilizikata mwenyewe kule kwenye mawe karibu na ziwa, ngumu, ndefu, zisizofanana na za kwetu ambazo mtoto mchanga analala juu yake. Nikaziacha pale zaidi ya siku kumi, zikakauka, na kuku akaingia na kutoka apendavyo, akila sakafu.

Ngosha alimwachia Immaculata miguu, akaokota unyasi mmoja kwenye ule uchafu. Alikwenda mpaka kizingitini pangu, akauweka kando ya zile zilizokuwa zimetokeza mlangoni, akazilinganisha. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mutayoba, sumu yangu ndiyo hii?"

Nilikuwa nimerudisha vidole ndani ya kuku kutafuta mabaki na sikuwa na pa kujificha. Nilimwomba radhi hapohapo. Uvundo wote wa siku ile haukunichukiza kama nilivyojichukia mimi. Alitikisa kichwa, akasema, "Shona kwanza. Utaniomba vizuri ukiwa umenawa."

Nilishona kifuko peke yake na ngozi peke yake, kwa uzi wa kitani niliobakiza kutoka kazini, mafundo madogo, mazuri kuliko niliyoyashona kwa vitabu vingi. Hapo Ngosha akapata nguvu ya utani. "Wahaya bwana! Mnatandika nyasi ndani kama zizi, halafu kuku mnamshona kama kamusi. Huyu akipona atataga kurasa." Immaculata alicheka mpaka akakaa chini. Wakati huo kuku wengine walikuwa wameshaufikia ule uchafu niliouweka pembeni, wakiugombania, wakiumeza kwa furaha. Tangu siku ile sijala yai.

Tulimweka ndani ya boksi siku nane. Uji mwepesi kwa kijiko, maji, uji tena. Boksi lilinuka, uji ulinuka, Immaculata alisema hata mimi nimeanza kunuka kuku, na akaenda kulala chumba cha pili. Siku ya tisa kuku alimdonoa Ngosha kidole. Alhamisi iliyopita alitaga. Leo ana mayai matatu, na hayo sitayagusa. Akiyaatamia na yakitotolewa, Rweyemamu atawaleta vifaranga wakishajua kujitafutia. Jogoo ni wa Ngosha, kwa hiyo watakuwa na baba Msukuma. Usiwabague.

Nyasi nilizitoa zote na kuzichoma siku ileile. Sakafu ni saruji tupu tena, na inafagilika.

Lakini kuna jambo moja nataka unijibu, kwa kuwa wewe ulibaki nyumbani na mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na mitano. Nyumba ya Mama ilikuwa na nyasi mwaka mzima na kuku ishirini uani, na sikumbuki kuku hata mmoja aliyeugua hivi. Nimelifikiria hilo usiku kwa usiku. Kila Noeli namwona Mama amesimama mlangoni, ufagio mkononi, kutwa nzima, hakai hata tukimwita aje ale. Miaka hamsini nimewasimulia watu kwamba mama yangu alikuwa akisimama mlangoni kupokea wageni.

Dada, alikuwa anazuia kuku?

Nisalimie Mzee Luhaga, Celestina na watoto wake, na wote wanaoniulizia hapo kanisani. Mwambie Bernadeta asante kwa kuvumilia. Immaculata anakuamkia na anasema kifungo chake kimepatikana, ila hakitaki tena. Mungu alitunze goti lako na paa lako, na atuweke hai mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nikiwa nimenawa mara tatu kabla ya kushika karatasi hii,

Clavery Mutayoba