Mashua Tuliyoifunika kwa Blanketi Lako

Yaya Paluku, kaka yangu,

Ni mimi Kahindo, mdogo wako. Nimekaa mlangoni mwa nyumba yako, pale ulipopenda kunolea randa, na parsela yote, uwanja huu wetu, iko tupu mbele yangu. Mashua yako imeondoka. Ulitaka sana kuiona siku hiyo, basi acha nikuelezee.

Nianze na siku ya kilio, kwa sababu kuna jambo hukuliona. Baba mdogo alikuwa anatafuta mbao za sanduku lako. Akafunua bashi, lile turubai, akaweka mkono juu ya mbao zako za triplex. "Mbao iko hapa. Tunatafuta nini tena?" Kavira, mke wako, alikuwa hajasema neno tangu tulipotoka hospitali. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda kusimama mbele ya zile triplex. "Hii hapana, Papa. Hii ni ya kwenda ku maji." Baba mdogo akaondoa mkono polepole, akarudisha bashi.

Ndiyo maana tulikuzika katika mbao za mikaratusi, zilizopigwa misumari na vijana wa kanisa. Hazikupigwa randa vizuri. Nilijua ungenung'unika.

Halafu mashua ikakaa. Unakumbuka majirani walivyokuwa wanacheka, mutu anajenga mashua Butembo, juu ya mulima, na ziwa liko mbali kule chini. Wewe ulikuwa unawajibu bila kuinua kichwa, "Nilivua samaki mu mutumbwi ya batu tangu ujana. Hii itakuwa yetu." Ubavu wa kushoto uliuunga mwenyewe, mimi nikikushikilia. Wa kulia ulibaki vipande viwili, kwa sababu triplex moja inaisha kabla mashua haijaisha.

Siku moja Kavira akaniambia, "Kahindo, weye njo ulikuwa unamushikilia. Uliona. Tumalize."

Mimi ni fundi wa nguo, Yaya. Randa yako ilikuwa nzito mkononi mwangu. Lakini nilikumbuka maneno yako: kila ncha ipunguzwe kidogo kidogo iwe mteremko, ili miteremko miwili ilaliane na mahali pa kiungo pasiwe panene kuliko pengine. "Angalia mistari," ulikuwa unasema. Kweli, randa ilipokula mbao, zile tabaka za triplex zilitokea, mstari mweupe, mstari mweusi. Mstari ukipinda, pale bado kuna kilima. Mistari naijua. Ninailinganisha kila siku kwenye mashono ya makoti.

Mara ya kwanza tulishindwa. Tulipaka kole, ile gundi yako, tukalaza, na kesho yake tulipoinua, kiungo kilifunguka bila hata kupiga kelele. Kavira akaingia ndani ya nyumba. Mimi nikabaki nikikitazama. Mbao ilikuwa kavu, imekunywa kole yote. Ndipo nikaukumbuka mkono wako: ulikuwa unapaka kwanza kole nyembamba, halafu unaenda kunywa chai. Siku zote nilifikiri umechoka. Kumbe ulikuwa unaiacha mbao ishibe kwanza. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakaja.

Tukapiga randa upya. Kole nyembamba, chai, halafu kole nzito iliyochanganywa na unga wa msumeno. Chini tukaweka nailoni ili mbao isigandamane na meza, na juu nailoni nyingine. Vibano vyako havikufika katikati ya ubao, basi tukapanga juu yake magunia ya viazi, yale ambayo shemeji yako alileta kutoka Masereka. Mara mvua ikaanza, na baridi ile unayoijua. Kole haipendi baridi.

Mama yetu akatoka nyumbani na blanketi lako, lile la kahawia. Alikuwa hajakubali mtu yeyote alifue, kwa sababu lilikuwa bado na harufu yako. Akalikunjua juu ya magunia na kiungo, akachomeka pembe zake chini, kama anafunika mtoto. "Na yeye baridi ilikuwa inamusumbua," akasema. Akaleta kiti, akakaa karibu.

Tulipoondoa magunia, kiungo kilikuwa kimetulia. Bado kulikuwa na kazi ya kuupinda ubao juu ya mbavu za mashua, na wale majirani waliokuwa wanacheka walikuja wenyewe kusukuma. Triplex ililia kidogo. Nilifumba macho nikangoja kusikia ikipasuka. Haikupasuka. Mama alilifua blanketi mwishowe. Doa la kole halikutoka, na sasa mtoto wako wa mwisho analala ndani yake.

Tulingoja madereva waseme njia imetulia, hakuna milio ya risasi, halafu lori ikaitelemsha mpaka Kyavinyonge, kando ya ziwa. Wavuvi wakaizunguka, wakaigonga kwa vidole, wakaiingiza majini. Unajua nani aliingia wa kwanza? Kavira, mtoto wa mlimani, asiyejua kuogelea. Mashua ikayumba, akashika kingo kwa mikono yote miwili. Nilifikiri atalia. Akacheka, Yaya, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ulipougua. "Paluku, angalia, niko ku maji!"

Wenzako wa zamani watavua nayo, na Kavira atapandisha samaki sokoni Butembo. Njia inamtia hofu, hasa kurudi peke yake. Kwa hiyo nakuahidi: kila atakapotelemka, nitafunga mashine yangu ya kushona na kupanda lori pamoja naye, mpaka siku atakayoniambia mwenyewe, "Kahindo, baki, sasa naweza."

Pumzika, Yaya wangu. Wasingya, asante kwa yote.

Mdogo wako,
Kahindo