Bi Hafsa, Mjukuu Wake na Gemu ya Mpira

Dada mshauri, nakuandikia kwa sababu nahitaji msaada wa mtu asiye wa ukoo wetu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Itetemia, hapa Tabora, na mume wangu, binti yetu Tatu aliye darasa la nne, na mama mkwe wangu Bi Hafsa, aliyehamia kwetu kutoka Urambo baada ya kufiwa na mumewe na kumaliza eda, na miezi ya mwanzo mama alikula tonge mbili na kurudi chumbani, hadi mume wangu alipomletea Tatu gemu ya mpira ya kuchezea kwenye televisheni, nami nikaipinga kwa hoja za vitabuni ambazo leo sina hakika nazo, maana sikutarajia kwamba mtoto angempa bibi yake pedi ya pili ya kuchezea, wala kwamba bibi angenogewa.

Basi kila alasiri sebule ikawa uwanja. "Mke mwenzangu, golikipa wako kalala, mpelekee shuka!" "Bibi, hilo ni goli lako mwenyewe!" "Nyamaza, nampima kipa wangu!" Nilisahihisha madaftari huku nikicheka, lakini alama za Tatu za hesabu zikashuka kutoka themanini hadi hamsini na mbili na mtihani wa taifa unakaribia, ndipo Jumamosi iliyopita nikasimama mbele ya televisheni, wote wawili wameshika pedi, nikamwambia Tatu, "Nyumba hii imegeuka kijiwe! Mtu mwenye akili hashindi akibonyeza vidude!" Wallahi nilimsema mtoto. Mama akainuka polepole, akasema, "Tumesikia, mwalimu." Tangu hapo haniiti mwanangu, anakunja kanga zake, na amemwambia mume wangu amkatie tiketi ya treni ya kurudi Urambo Jumamosi hii. Pedi nimezirudisha mezani, hakuna anayezigusa. Je, nilikosea kuhusu gemu, au kuhusu jambo jingine?

Mama Tatu, Itetemia

Mama Tatu, pole, ingawa nakiri nimecheka kabla ya kukuonea huruma. Barua nzima umeizungushia gemu, na swali lenyewe umeliacha mstari wa mwisho. Umeolewa Tabora miaka yote hiyo, hujui kwamba mke anayetaka kumsema mama mkwe humkaripia mtoto? Mji mzima hutuma vijembe kwa njia hiyo. Bi Hafsa alikusikia kama alivyolelewa kusikia. Umemfukuza bila kukusudia, na asiyekusudia naye huomba radhi.

Kuhusu gemu, sina hukumu ya mwisho. Miaka michache iliyopita ningekushauri uiondoe, na ningekuwa na maneno mazuri ya kusema. Lakini kitu kilichomtoa mjane chumbani sithubutu kukiita upuuzi, na hamsini na mbili nayo si alama ya kuchekea. Huenda kosa ni la saa nyingi za kucheza. Huenda ni hesabu za sehemu tu, ambazo huwatesa watoto wasiojua gemu ni nini. Umemuuliza mwalimu wake? Wewe mwenyewe mwalimu, umehukumu kabla ya ushahidi!

Usingoje Jumamosi. Leo hii ingia chumbani kwake, bila Tatu na bila mumeo, piga goti, toa shikamoo, kisha sema: "Mama, nilimkaripia mtoto, nikakuumiza wewe. Nisamehe." Usijitetee, na usitaje mtihani. Asipojibu, kaa hapo hapo. Usimwombe abaki ili alee mjukuu. Mwombe abaki kwa sababu nyumba yako imepoa, kama ndivyo unavyoona, nami naamini ndivyo.

Mengine yafuate akishakuitikia marahaba. Hesabu kwanza, gemu saa moja, na mlinzi wa saa hiyo awe Bi Hafsa. Hapo hakuna atakayekiuka. Na jioni ya kwanza, chukua pedi ya Tatu, keti kando ya mama mkwe wako, mwombe akufundishe. Atakufunga mabao mengi, mengine ya dhuluma. Fungwa.