Kiota cha Chozi

Jumatano, Shaabani inaisha

Mkono huu ningeukata. Leo nimefagia baraza, tuingie Ramadhani nyumba ikiwa safi. Nikaona uchafu wenye utando wa buibui unaning'inia kwenye kamba ya nguo, nikaupiga ufagio.

Zuhura, mjukuu wangu aliyenifundisha kuandika, akapiga ukelele: "Bibi! Kiota cha chozi hicho!"

"Ndege gani anajenga jalala?" nikamfokea, najitetea tu.

Mayai mawili, madogo kama njugu mawe, yamepasuka sakafuni.

Miezi yote namwagilia maua, naweka maji kigaeni, ndege wazoee uani kwetu. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, amerudi, anaizunguka ile kamba. Nimejificha jikoni, naona aibu. Nilimwita mwenyewe, akaniamini.