Kilima cha Bukit Melati

Rawa Gandaria, Jakarta
12 Machi 2014

Mpendwa mdogo wangu Marhali,

Pokea salamu zangu huko Balikpapan. U hali gani, na wifi yangu Nurlela, kifua kimemwachia? Sisi tu wazima, ila magoti yangu hayataki ngazi na nyumba bado inanuka tope.

Mtaa wetu sasa una historia. Wale jirani zetu wa majumba mapya wameunda kamati na kuchapisha kitabu. Wanapaita Bukit Melati, yaani Kilima cha Asumini, kwenye bwawa ambalo babu alilipita kwa mtumbwi akikata matete! Wanaandika kwamba kabla ya mwaka 1996 palikuwa pori tupu. Basi mimi na wewe tumezaliwa porini, na miduku ya Mama, miti yake ya matunda, ilijipanda. Mto wameufukia nusu, nusu iliyobaki wanaiita mtaro. Wajinga wasomi hawana dawa.

Kilichoniuma ni ramani yao. Pale uani walipolala babu, Baba na Mama, wameandika "bustani ya watoto". Mwenyekiti wao, Bwana Hendarto, aliniletea karatasi nitie saini makaburi yahamishwe. Nilimrudishia kabla hajamaliza chai.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha siku tatu, na bwawa likarudi kwake. Unadhani walikimbilia wapi? Kwetu, kwenye kijinuko cha makaburi, mahali pekee palipobaki pakavu. Magari kumi na moja, Marhali, yamebanana na wafu wetu! Hendarto alikaa miguuni pa Baba, anakula wali wangu wa nazi, akaniuliza, "Mpok, dada yangu, wazee wenu walijuaje kwamba maji hayafiki hapa?"

Nikamwambia, "Waliishi hapa, bwana. Nyinyi mmenunua tu."

Nilifikiri ameona haya. Maji yalipokauka alirudi na karatasi ileile. Bustani wameiacha, sasa wanataka wafu wapishe, pawe maegesho ya magari wakati wa mafuriko.

Saini yangu hawaipati ng'o. Nasikia yako wameifuata kwa posta, na kwamba unafikiria. Unafikiria nini? Baba alijichagulia pale ili asilale majini.

Nisalimie Nurlela na mwanangu Saiful. Mjomba Niman anawaombea dua kila Ijumaa. Mungu akupe afya, na akili.

Mimi dada yako akupendaye, mpaka nitakapoiona saini yako,

Rohayah